Tawi limevamiwa, keshia hana hata mkwaruzo ila kazi haiwezi tena. Ni ajali ya kazini au ni "matatizo binafsi"?

#1 Tarishi Mkongwe
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada, hasa kwa wanasheria na watu wa afya.

Nafanya kazi taasisi ya fedha, tawi la mkoani, jina naliacha. Mwezi wa tatu tulivamiwa saa nane mchana. Watu wanne, pikipiki mbili. Walitulaza kifudifudi, wakafyatua risasi moja ikaingia darini, wakabeba walichobeba na kuondoka. Hakuna aliyeumia.

Mwenzetu wa dirisha la pili ndiye aliyeshikiwa bastola afungue droo. Siku ya nne tulirudi kazini wote, naye akiwemo. Wiki ya kwanza alikuwa anacheka kutuzidi. Mambo yalianza wiki ya tatu. Pikipiki ikizima injini nje, anaacha kuhesabu. Haruki wala hapigi kelele. Vidole vinasimama juu ya noti, macho mlangoni, kisha anaanza upya kutoka moja. Kuna siku mashine ya kuhesabia ilikuwa mbovu, nikamwona akianza bunda moja la elfu kumi kumi mara tano. Jioni hesabu ikapungua laki mbili, akakatwa kwenye mshahara.

Usiku halali. Zahanati wamempa valiamu, vidonge vya kutuliza. Amekosa kazi siku kumi na moja, HR wamezikata kwenye likizo yake ya mwaka kwa sababu "hana jeraha". Sasa ana barua ya kujieleza kwa nini utendaji umeshuka.

Swali: angevunjika mkono siku ile asingeandikiwa barua. Hili la kwake linaitwaje, na lidaiwe wapi?

#2 Mpiga Debe Mbezi
Siti ya mbele. Nasubiri wataalamu.

#3 Chuma cha Reli
Mimi niseme ukweli, mnisamehe. Kizazi hiki ni laini. Sisi tulipigwa, tukaibiwa, tukazika, kesho yake tukaamka kwenda kazini. Bosi angempa wiki moja akapumzike kwao kijijini, angerudi sawa.

#4 Mwana wa Kipumbwi
Mleta uzi, umeshawaza upande wa pili? Bastola ya mwizi haiji peke yake. Watu wa kazi hiyo wanapitia kwa mafundi kwanza. Huyo dada kaangaliwa usoni na mtu aliyefungwa hirizi. Zahanati haitaona kitu. Apelekwe akasomewe.

#5 Nesi wa Zamu
Mkuu #1, pole kwa mwenzenu. Niko hospitali miaka kumi na sita, niseme ninayoyajua.

Kwanza valiamu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2013 inasema dawa za jamii hiyo zisitolewe kutuliza dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Huu ni mwezi wa pili au wa tatu kwake, bado si dawa ya kuendea bila mpango. Ana usingizi wa kuazima, na dawa yenyewe inazoeleka. Ila asiikatishe ghafla kama kaitumia wiki nyingi, arudi kwa daktari apunguziwe.

Pili, unavyomweleza (kuganda, kutazama mlango, kutolala, zaidi ya mwezi mmoja) ndivyo kiwewe (ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, PTSD) kilivyo. Na kuchelewa kuonekana ni kawaida. Kucheka sana wiki ya kwanza hakukunishangaza hata kidogo.

Tatu, wengi wanaopitia tukio kama hilo hupona wenyewe bila tiba. Yeye yuko kwa wale wachache, na hajalitaka hilo. Apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, aulizie kitengo cha afya ya akili. Tiba yenye nguvu hapo ni ya mazungumzo na mtu aliyesomea kiwewe, vipindi kadhaa. Siyo nasaha za "jikaze".

#6 Mpiga Debe Mbezi
Kitengo cha afya ya akili mkoani? Siku anayoonekana pale getini, jioni ofisi nzima wanamwita "Mirembe", kama ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Mnaujua mtaa lakini?

#7 Nesi wa Zamu
Naujua, naishi humo. Ndiyo maana huwa nawashauri waingie kupitia wagonjwa wa nje kama mtu wa malaria, wapewe rufaa ya ndani kwa ndani. Hakuna anayejua umekaa benchi gani.

#8 Wakili wa Kijiweni
Tuje kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ambayo haina uhusiano wowote na zile siku 28 za mwaka. HR wamechanganya makusudi. Ana siku 84 za ugonjwa kwa malipo kamili.

#9 Karani wa Mahakama
Wakili wa Kijiweni umeteleza. 84 ni likizo ya uzazi. Ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 za pili nusu mshahara. Na kuna sharti ambalo huwa linawaumiza watu: cheti cha daktari. Bila cheti mwajiri halazimiki kulipa. Je, hizo siku kumi na moja alikuwa na cheti?

#10 Wakili wa Kijiweni
Nimepokea marekebisho, nilikuwa naandika nikiwa kwenye daladala. Konda alikuwa ananidai nauli.

#11 Karani wa Mahakama
Ongeza na la laki mbili. Mwajiri hakati mshahara kufidia upungufu kwa kujiamulia. Sheria hiyohiyo inataka mfanyakazi aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Mwambie atafute kama kuna karatasi aliyosaini. Watu wa kaunta huwa wanasaini chochote jioni ili wawahi gari.

#12 Tarishi Mkongwe
Asanteni. Karani, cheti anacho cha siku nne tu. Saba nyingine alibaki nyumbani akasema anaumwa kichwa. Na ndiyo, alisaini. Karatasi ilikuwa imeshachapwa kabla hajamaliza kuhesabu.

#13 Kayole Yetu
Salamu kutoka Nairobi. Hii mambo huku imefika mahakamani, na si kwa risasi, ni kwa kutazama tu. Kuna vijana walikuwa wakichuja picha na video za Facebook: watu kuchinjwa, watoto kuteswa, zamu nzima mbele ya skrini. Daniel Motaung, mmoja wao, alianza na kesi 2022, mwaka uliofuata wenzake kama 185 wakaenda kortini. Mwisho wa 2024 ikawekwa mbele ya korti ripoti ya Dkt. Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kenyatta: 144 kati yao aliowapima wana kiwewe. Meta, wenye Facebook, walisema korti za Kenya haziwahusu, Mahakama ya Rufaa ikakataa hoja hiyo Septemba 2024.

Kule Marekani kampuni hiyohiyo ilikubali 2020 kutoa dola milioni 52 kwa wachujaji wake, bila kukiri kosa. Kazi ni moja. Sasa jiulize bei ya akili ya mtu wa Nairobi ni ngapi.

#14 Chuma cha Reli
Kutazama video tu? Basi na wanangu wanaoshinda kwenye simu nao wafungue kesi.

#15 Kayole Yetu
Mzee, mtoto wako akiona kitu kibaya anapitisha. Hawa walikuwa wanalipwa wasipitishe. Lazima uangalie hadi ujue ni ya kufutwa ama la.

#16 Chuma cha Reli
Hapo umenibana.

#17 Dada wa Magomeni
Naomba kuuliza kidogo nje ya mada. Mdogo wangu karudi kutoka Ghuba, alikuwa kazi za ndani, miaka miwili. Hana kovu. Ila kengele ya mlango ikilia (tumefunga juzi tu) anasimama wima na kwenda jikoni. Mama anaona ni adabu. Mimi naona siyo. Huyu anadai wapi, kwa wakala au kwa nani?

#18 Mwana wa Kipumbwi
Pole dada. Hapo hata mimi sisemi mambo ya fundi.

#19 Karani wa Mahakama
Dada wa Magomeni, anza na mkataba kama upo, jina la wakala na tarehe za safari, uweke pamoja. Ila usingoje madai ndipo atibiwe. Ushauri wa Nesi #5 unamhusu vilevile.

#20 Mhasibu Aliyechoka
Mimi napingana na wengi hapa. Nimesoma #1 mara mbili. Huyu dada wiki ya kwanza alikuwa anakwenda. Kilichomvunja siyo majambazi, ni ofisi. Kurudishwa dirisha lilelile siku ya nne, kukatwa laki mbili, kukatwa likizo, barua juu yake. Mimi sijawahi kushikiwa bastola, ila nimewahi kukaa miezi minane chini ya bosi aliyekuwa ananiuliza mbele ya wateja kama nilisoma shule ya kata. Nilikuwa nikisikia viatu vyake kwenye korido tumbo linakata. Nilipohama idara likaacha wiki hiyohiyo. Hakuna jini wala risasi hapo.

#21 Nesi wa Zamu
Mhasibu, sikupingi sana. Mtu aliyeumia akipata watu wa kumshika mkono nafasi yake ya kupona ni kubwa kuliko anayeachwa au kusutwa. Ila kuganda kwa sauti ya pikipiki hakukuletwa na HR.

Na ofisi nazo zikitaka kusaidia huwa zinaharibu. Kwetu tulipoteza mama wawili usiku mmoja wodi ya wazazi. Kesho yake asubuhi tukakusanywa ukumbini, kaletwa mtu, kila mmoja asimulie aliyoyaona tangu mwanzo. Kuna binti mwanafunzi hakuwahi kuona damu ile, kaisikia mara sita kwa midomo sita. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kikao cha mara moja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Wanachopendekeza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, nayo haina makuu: mwangalie anahitaji nini, msikilize akitaka kusema, muunganishe na watu wake. Mpe maji, mpe simu ampigie mama yake, mpeleke nyumbani na mtu. Asilazimishwe kusimulia.

#22 Dereva Mstaafu
Nimeendesha treni miaka ishirini na tatu. Nimegonga watu watatu. Wa kwanza alikuwa mzee na baiskeli, karibu na Kilosa. Treni haina usukani, mnajua? Unapiga honi, unashika breki, halafu unabaki kumtazama. Alinitazama pia.

Polisi wakaandika, tukaondoka, nikaendesha hadi mwisho wa safari. Kesho yake nikapangiwa njia ileile. Mwanangu yuko Uingereza, ananiambia kule dereva akipatwa na hilo anapokelewa palepale na dereva mwingine, yeye anarudishwa nyumbani, na harudi kazini mpaka aonekane yuko tayari. Nikamwambia sisi tulikuwa na konyagi.

Chuma cha Reli, jina lako la reli hilo, ila uliposema #3 kwamba tuliamka kwenda kazini, ni kweli. Tuliamka. Waulize wake zetu.

#23 Chuma cha Reli
Shikamoo mzee wangu. Jina nililipata kwa sababu nauza vyuma chakavu. Nimekuelewa.

#24 Wakili wa Kijiweni
Turudi kwenye swali la wapi pa kudai. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ila huo ni wa viungo: kidole, jicho, mguu. Akili haimo.

#25 Karani wa Mahakama
Nani kakwambia haimo? Orodha ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya magonjwa yatokanayo na kazi, ilivyopitiwa 2010, ina fungu zima la matatizo ya akili na kiwewe kimetajwa kwa jina. Afrika Kusini mfuko wao una mwongozo wa kiwewe pekee. Hivyo hoja ya "haina jeraha" imeshapitwa.

#26 Wakili wa Kijiweni
ILO siyo sheria ya Tanzania. Nionyeshe kifungu.

#27 Karani wa Mahakama
Nawe nionyeshe kinachokataa. Ushauri wangu ni mmoja: mfuko ulianza kazi 2015, anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Dai linatakiwa liwe limepelekwa ndani ya miezi 12 tangu tukio. Mwezi wa tatu ulipita, saa inakwenda. Apeleke na ripoti ya daktari bingwa, ripoti ya polisi ya uvamizi, na taarifa ya mwajiri. Wakikataa, wakatae kwa maandishi. Karatasi ya kukataliwa ina kazi yake, maneno ya mapokezi hayana.

#28 Mhasibu Aliyechoka
Na mwajiri asipotoa taarifa? Akitoa anakiri tawi lilikuwa halina ulinzi.

#29 Fundi Shoka
Ulinzi. Wakuu, mnasoma uzi huu tangu juzi, sijaona hata mmoja aliyeuliza. Mlinzi wa getini alikuwa wapi? Maana hao jamaa hawakupita dirishani.

#30 Mpiga Debe Mbezi
Mlinzi na gobore lake la mkoloni alikuwa anakimbia Mzumbe huko 😂

#31 Tarishi Mkongwe
Fundi Shoka, swali lako limenikalisha. Mlinzi alikuwa mlangoni. Walimnyang'anya silaha, wakampigisha magoti, wakamwekea mtutu sikioni muda wote tulipokuwa ndani. Risasi ya darini ilifyatuliwa kichwani pake, sentimeta chache juu. Yeye si mwajiriwa wetu, ni wa kampuni ya ulinzi. Kesho yake waliletwa wengine wawili. Alikokwenda sijui. Na kabla hujauliza sikuwa nimewahi kujiuliza. Alikuwa ananipokea baiskeli kila asubuhi.

#32 Dereva Mstaafu
Mtafute.

#33 Nesi wa Zamu
Tarishi, kabla hujaondoka, kitu kimoja kuhusu keshia. Mbali na pikipiki, kuna kingine kinachomgandisha? Harufu, saa fulani, upande fulani wa chumba? Waulize taratibu. Mara nyingine kitu kidogo kikiondolewa kazini, mtu anapata pumzi ya kufanya tiba.

#34 Tarishi Mkongwe
Nimemuuliza leo tukinywa chai. Amekaa kimya, halafu akasema: "Sabuni ya sakafu." Ile ya maji, ya kijani, yenye harufu ya ndimu. Siku ile walikuwa wametoka kupiga deki, na yeye shavu lake lilikuwa kwenye vigae. Kila asubuhi saa mbili kasorobo anaingia ofisini, harufu ile inampokea. Miezi yote hii hakumwambia mtu, aliona ni upuuzi.

#35 Nesi wa Zamu
Siyo upuuzi. Badilisheni sabuni. Haitamponya, tiba iko palepale, lakini badilisheni.

#36 Mpiga Debe Mbezi
Yaani uzi mzima wa sheria na ILO, jibu ni sabuni ya buku mbili.

#37 Tarishi Mkongwe
Buku mbili ungeona wewe. Nimempelekea meneja. Kasema sabuni imo kwenye mkataba wa mzabuni wa usafi, haibadilishwi bila barua ya makao makuu, na barua lazima ieleze sababu. Nimeuliza niandike sababu gani. Kasema andika "mzio".

#38 Karani wa Mahakama
Usiandike mzio! Siku ya madai watasema mwenyewe alitaja ugonjwa mwingine.

#39 Mhasibu Aliyechoka
Aandike mzio, dada apumue kwanza. Madai ni ya mwakani.

#40 Karani wa Mahakama
Mwakani ndiyo huo muda unaokwisha.

#41 Mama Ntilie wa Benki
Mnabishana bure. Anayepiga deki ni mtu, siyo mzabuni. Semeni na dada wa usafi.

#42 Tarishi Mkongwe
Mama Ntilie, ubarikiwe. Nilisema naye juzi. Hakuuliza hata swali. Jana na leo upande wa kaunta kapiga maji matupu, sabuni kaiacha kule kwa wateja. Keshia leo kaanza kuhesabu bunda mara moja tu. Sisemi kapona, pikipiki ilipita saa tano na vidole vilisimama vilevile. Rufaa yake hospitali ya mkoa ni Jumanne, anakwenda na dada yake. Barua ya kujieleza tumeijibu kwa mistari minne, Karani kanisaidia pembeni. Ya WCF bado, HR wanasema fomu "iko njiani".

Mlinzi nimepata namba yake kwa mwenzake. Yuko lindo la ghala, usiku. Nikampigia mchana saa saba nikijua atakuwa amelala, nilitaka tu kuona kama namba inaita. Haikuita mara mbili, kapokea. Nikamwambia samahani nimekuamsha. Akasema hapana, mchana huwa silali. Nikamuuliza, na usiku si uko kazini? Akasema ndiyo. Kesho namfuata.

#43 Nesi wa Zamu
Ukifika usianze na habari ya siku ile. Muulize kama amekula.

#44 Dereva Mstaafu
Na ukae upande ambao anaona mlango.

#45 Kijana wa Juzi
Wakuu nimechelewa, uzi mrefu. Kwani waliiba shilingi ngapi?